Barua ya wazi kwa mnaosimamia majengo ya kale Ujiji: banda la babu linalowa

Waheshimiwa mnaotoa vibali vya ujenzi, na nyinyi wa mambo ya kale, na yeyote mwenye sauti kwenye hili, shikamooni walio wakubwa kwangu na wengine habari za kazi.

Naandika kuhusu paa la banda la gari. Najua mna mambo makubwa mezani, barabara, mitaro, soko, maji, na mtu akisikia banda la gari anaweza kuona ni kitu kidogo cha kumsumbua mkubwa, ila naomba mnisomee hadi mwisho maana nimekuja kugundua hili sio la kwetu peke yetu. Ukipita mitaa ya zamani ya Ujiji kila baada ya nyumba chache kuna banda au jiko la nje au nyumba nzima yenye shida hiihii, bati limeoza, mwenyewe anataka kuezeka, hajui aanzie ofisi gani, na akianza bila kujua anaambiwa asimame.

Banda lenyewe alijenga babu kabla ya uhuru, alijenga kwa ajili ya lori lake aina ya Bedford alilokuwa anabebea chumvi ya Uvinza na madumu ya mawese. Lori lilishauzwa chuma chakavu mimi sijazaliwa, ila sisi wote tumekua tukiliita banda la lori na mpaka leo mtu akija kuuliza kwetu anaelekezwa hivo hivo, pale penye banda la lori. Kuta ni tofali mbichi za udongo zimekaa juu ya msingi wa mawe, zimepigwa chokaa, mbele kuna milango miwili mikubwa ya mbao inayofunguka kwa nje, na juu kenchi za mninga na bati la zamani la migongo midogo, lile zito ambalo ukiligonga kwa kidole linalia tofauti na haya ya siku hizi. Sasa hivi ndani anaweka pikipiki mdogo wangu na mimi naweka madumu yangu ya mawese, ndo biashara inayonisomeshea watoto.

Mwezi wa tano mvua zilipoanza kukata nikamuita fundi wetu wa siku zote, mzee wa makamo ambaye hata nyumba ya jirani aliezeka yeye. Akasema tusubiri saa sita mchana, tufunge ile milango, tuingie ndani gizani. Tukaingia. Jua la saa sita likapita kwenye kila tundu la bati, na yeye akawa juu ya ngazi na kipande cha chaki anazungushia kila palipopita mwanga, mimi chini nahesabu. Upande mmoja tu tulipata matundu 61. Akashuka akaenda kona ya magharibi, pale mbao inapokaa juu ya ukuta, akabonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama, mchwa wameila yote ndani wameacha ngozi ya nje kama ganda la karanga. Akaniambia, mwanangu, hili bati linaweza kuvumilia kidogo lakini hii mbao haimalizi masika nyingine, na ikianguka inashuka na ukuta. Alafu akanionesha ukuta wenyewe chini ya hiyo mbao, tofali tatu za juu zimeshalainika, ukikwaruza na kucha unatoka udongo tu kama ule wa mtoni.

Basi tukafanya hesabu. Mabati 22 ya mita 3, geji 28, migongo midogo kama yale ya zamani, sio migongo mipana na sio ya msauzi. Nataka mlielewe hili kwa sababu lilinigharimu. Pale dukani Mwanga, mjini Kigoma, bati la geji 32, ambalo ni jembamba, lilikuwa rahisi kuliko hilo na lipo la rangi kila aina, nyekundu, bluu, kijani, kijana wa dukani alikuwa ananishangaa kwanini nang'ang'ania bati jeupe la migongo midogo tena geji nene, akaniambia mama hayo yamepitwa. Nikamwambia nataka banda la babu libaki banda la babu. Hakuna aliyenilazimisha, sikuwa nimesoma sheria yoyote, ni mapenzi tu ya mtu na kwao.

Fundi akaanza Jumanne asubuhi. Kufika saa tano akawa ameshusha mabati manne na kubadilisha ile mbao ya kona, wakaja watu wawili wa ofisi moja wakauliza kibali kiko wapi. Tukasema hatujengi, tunaezeka, lori... namaanisha banda lilikuwepo siku zote. Wakasema hili ni eneo la hifadhi ya kihistoria huwezi kugusa paa bila kibali. Mmoja akatoa kopo la rangi akachora X nyekundu ukutani, kubwa, urefu wa mtoto wa darasa la pili, na chini yake akaandika SIMAMISHA. Ukuta ni ule ule wa chokaa ya babu. Ile rangi ni ya mafuta, haitoki kwa maji, nimejaribu kusugua kidogo pembeni ikatoka na chokaa yake, udongo ukabaki wazi. Kwa hiyo nimeacha. Kama lile banda ni la kihistoria kiasi cha kuzuia fundi asipigilie bati, basi ukuta wake nao ni wa kihistoria, na kwa heshima zote naomba kuanzia leo agizo la kusimamisha kazi liandikwe kwenye karatasi lenye tarehe na jina la ofisi na sababu, akabidhiwe mwenye nyumba mkononi, asichorewe mtu ukuta tena.

Kesho yake nikaanza kuzunguka. Nilienda na picha kwenye simu, na risiti ya mabati, na barua ya mtaa. Ofisi ya kwanza wakaniambia kuezeka upya ni ukarabati mdogo, andika barua tu upeleke. Nikaandika nikapeleka, nilipopeleka yule aliyepokea akasema hapana, kwa eneo lile inatakiwa fomu ya kibali cha ujenzi kamili na ramani ya jengo iliyochorwa na mtaalamu, na ukiuliza bei ya kuchorewa ramani ya banda inakaribia bei ya mabati yenyewe. Ofisi nyingine wakasema hilo sio letu hilo ni la mambo ya kale. Nikaenda kwa wanaohusika na mambo ya kale, kijana mstaarabu kabisa, akanikaribisha nikakaa, akatazama zile picha akasema mama hapa hamna tatizo mnafanya vizuri, ila kibali hatutoi sisi. Nikamwomba aniandikie hivo alivosema, akasema mpaka mkubwa wake arudi safari. Nimerudi mara tatu. Majibu manne, watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyenionesha karatasi imeandikwa kwamba paa la banda kwenye eneo hili linatakiwa liwe hivi na utaratibu wake ni huu. Na kila mmoja wao alikuwa anaongea kwa uhakika.

Sasa kabla hamjanielewa vibaya. Mimi hifadhi naitaka. Nimezaliwa Ujiji, najua tulipo. Burton na Speke walifika hapa 1858 wakakuta mji tayari upo, una soko na wafanyabiashara, na 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapahapa. Na kabla na baada ya hao misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita hapa kwenda Tabora mpaka Bagamoyo, watu wengi wa kwetu ni vizazi vya waliokuja na njia ile kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa hiari wengine wamefungwa minyororo. Tangu 2006 Ujiji imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania imepeleka UNESCO pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, kama njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe. Wageni wakija wanapelekwa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wanaoneshwa ile miembe ambayo ni vipandikizi vya mwembe wa zamani, wanapiga picha wanaondoka. Kama mnataka siku moja wageni hao watembee mtaani wauone mji wenyewe, mji ni sisi, ni hizi nyumba za udongo zenye baraza na milango ya mbao, na mabanda yake.

Na naona kinachoharibu. Naona mtu anabomoa nyumba ya baraza anapandisha fremu tano za bloku na shata za chuma. Naona mwingine anapandisha ukuta juu anaficha paa nyuma yake, ile mitindo ya kontemporari, upenu wote umepotea. Hayo nikisikia mmeyazuia nitapiga makofi. Sheria mnazo, ipo ya Mambo ya Kale ya 1964 iliyorekebishwa 1979, ambayo inalinda hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940, ipo ya Mipango Miji ya 2007. Shida yangu ni kwamba hizo sheria kubwa zikishuka mpaka kwenye banda la mtu zinakuwa ni mdomo wa aliyekuja siku hiyo.

Niwaambie kitu alichonifundisha yule fundi maana nadhani kinatakiwa kiwe ndo moyo wa utaratibu wowote mtakaoandika. Nyumba ya udongo haiuliwi na bati jipya, inauliwa na maji yanayoingia kwa juu. Mvua ya kupiga pembeni ukuta wa udongo unaivumilia, unalowa nje jua likitoka unakauka, hasa kama una chokaa maana chokaa inapumua. Ila maji yakiingia pale juu ya ukuta chini ya bati yanateremka ndani ya tofali, tofali mbichi likishalowa lote linarudi kuwa tope, na uzito wa kenchi upo juu yake. Ndo maana wazee waliacha upenu mrefu, kwetu unatoka karibu mkono mzima kutoka ukutani, ule sio urembo, ule unatupa maji mbali na ukuta na mbali na msingi. Na ndo maana mteremko wa paa la zamani ni mkali, maji yasikae. Sasa mtu akiezeka kwa bati jipya zuri la bei lakini akapunguza mteremko na kukata upenu ili apate nafasi ya uwanja, ameshaiua ile nyumba, ni suala la miaka tu. Vivohivo mtu akichukua ukuta wa udongo akaupiga plasta ya saruji, unaonekana umependeza, kumbe unyevu umefungiwa ndani, baada ya misimu kadhaa plasta inaachia vipande vizima na udongo wake. Na akimwaga lenta ya zege juu ya ukuta wa udongo kwa kudhani anaimarisha, ameubebesha mzigo ambao haukujengwa kuubeba.

Kwa hiyo mnaona, yapo mambo ya kukataza kabisa na yana sababu zake, na fundi asiye na cheti chochote anayajua. Lakini wale waliokuja na kopo la rangi hawakuuliza hata moja katika hayo. Hawakuuliza mteremko, hawakuuliza upenu, hawakuangalia bati gani limelala pale chini. Waliuliza kibali.

Mnaishi Kigoma, Liemba mnaijua. Ile meli ilijengwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande kwa reli na kuungwa hapa, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, na kabla ya kuizamisha mafundi wake wakaipaka mitambo girisi nzito isiliwe na maji. Ikakaa chini ya ziwa mpaka ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baadae wakaitoa mitambo ya mvuke wakaweka ya dizeli. Na hakuna mtu hata mmoja kwenye hili ziwa anayesema ile sio Liemba kwa sababu imebadilishwa injini. Wale mafundi na girisi yao ndo waliofanya tuwe na kitu cha kuopoa. Mimi hapa kwenye banda ninachoomba ni ruhusa ya kupaka girisi.

Kwa huku chini watu wanafanyaje, niwaambie ukweli kwa sababu nadhani haufiki ofisini. Watu wanaezeka Jumapili. Jumamosi jioni mabati yanaingia yamefunikwa, Jumapili alfajiri mafundi sita wako juu, Jumatatu mkipita paa jipya lipo na hakuna wa kulibomoa. Na kwa sababu ni haraka haraka hawashughuliki na mbao iliyooza, wanapigilia bati jipya juu ya mchwa, wanatumia geji 32 kwa sababu likija kubomolewa hasara iwe ndogo, na upenu wanaukata ili mabati yatoshe. Yaani kuogopa kibali ndo kunazalisha yaleyale mnayotaka kuyazuia. Na wengine, hasa wazee na wajane na nyumba za urithi ambazo ndugu hawajaelewana, wanaacha. Nyumba ya pili kutoka kwetu mwenyewe aliambiwa kama mimi, akanyamaza, akahamia kwa mwanae Mwanga, masika mbili tu ukuta wa nyuma ukalala, ya tatu ikawa rundo la udongo na mlango wake mzuri ukachukuliwa usiku na wasiojulikana. Sasa hivi pale pamezungushiwa mabati, nasikia zinakuja fremu.

Na msidhani ni nyumba za wanyonge tu. Beit el Ajaib ya Zanzibar iliyojengwa 1883, katikati ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu 2000, una mamlaka yake kamili ya hifadhi, Desemba 25, 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Nyumba ya sultani hiyo. Jengo kongwe halisubiri mkubwa arudi safari.

Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza, nilipomsimulia akanitumia maelezo ya kule. Na wao wana maeneo ya hifadhi, walianza kwa sheria ya 1967, mji wa kwanza ukawa Stamford, leo England peke yake yapo karibu elfu kumi, na humo kuna watu wana magereji ya kuegesha magari yao yamechakaa mapaa kama mimi. Kule mtu akibadilisha paa kwa vitu vya aina ileile kwa kawaida inahesabika ni matengenezo, haombi kibali cha mipango, anachokatazwa ni kubadilisha sura. Na halmashauri ikitaka kubana zaidi kwenye mtaa fulani inatakiwa itoe amri ya maandishi, inayotaja ni eneo lipi na ni kazi zipi, mtu anaweza kuisoma kabla hajanunua hata msumari. Sisemi tuige kila kitu, wao wana vigae na mawe sisi tuna udongo na bati, ila hilo la kuandika nadhani linawezekana popote penye karatasi na kalamu.

Ninachoomba ni karatasi moja. Upande wa mbele na nyuma, Kiswahili cha kawaida, ibandikwe kila ofisi ya mtaa na kila duka la vifaa vya ujenzi, na mafundi wapewe. Iseme eneo la hifadhi linaanzia barabara gani na kuishia wapi, na ramani yake iwepo pale kwa mtendaji mtu aweke kidole aone nyumba yake imo au haimo. Iseme kwamba kubadilisha bati kwa bati la aina ileile, mteremko uleule, upenu uleule, mbao iliyooza kwa mbao ya ukubwa uleule, ni matengenezo, na kinachotakiwa ni taarifa tu kwa mtaa pamoja na picha za kabla, na picha za baada zikaletwa. Hata rangi isemeni, kama hamtaki bluu andikeni hamtaki bluu, mtu akifika dukani ajue. Semeni geji ya mwisho kukubalika. Alafu mseme wazi yapi yanahitaji kibali kamili, kupandisha ukuta, kubadilisha umbo la paa, kuficha paa, kumwaga zege juu ya kuta za udongo, kutoa mlango wa zamani, hayo sawa mtu aje na ramani na aje ofisi moja tu inayojulikana, na hiyo ofisi ndo iwasiliane na wenzao wa mambo ya kale wenyewe kwa wenyewe, sio mwananchi awe tarishi kati yao. Na muwe na siku. Mkikaa kimya siku zikaisha basi mtu aezeke, kwa sababu mvua haina habari na faili.

Mkiwa mnaandika msisahau mapaa ya asbesto, yale ya kijivu mazito, bado yapo kwenye majengo ya zamani ya mjini na watu wakiyashusha wanayapasua kwa nyundo watoto wanachezea vipande. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta saratani baada ya miaka mingi. Mistari miwili tu, yasikatwe, yasipasuliwe, yalowanishwe kabla ya kushushwa na mtu ajue pa kuyapeleka.

Na katika kuandika waiteni mafundi. Wale wazee wanaojua kuchanganya chokaa wamebaki wachache, wa kwetu anasema vijana wake wawili wote wanataka kazi za bloku na vigae kwa sababu ndo zenye hela. Mkikaa nao asubuhi moja chini ya mwembe mtatoka na karatasi nzuri kuliko ya kukaa na kompyuta mwezi mzima.

Najua kuna atakayesema tukiwalegezea watu wataharibu. Wapo watakaoharibu, kweli, na hao ndo mtumie nguvu zenu zote kwao, kwa sababu mtakuwa na maandishi ya kuwaonesha wamevunja nini. Sasa hivi mimi niliyenunua bati la bei ili banda lisibadilike nina X, na yule aliyeezeka Jumapili kwa bati la bluu hana.

Tuko mwezi wa tisa sasa. Oktoba ikiisha mvua zinaanza na zikianza huku kwetu ni mpaka Mei. Ile sehemu ya mabati manne yaliyoshushwa nimefunika kwa turubai, juzi upepo wa ziwa ulilichana kwenye tundu la kamba nikapanda kulifunga upya, nikiwa kule juu nikagusa zile tofali za kona. Zimekauka na kiangazi, zimepasuka nyufa ninazoweza kuingiza ncha ya kidole. Mvua ya kwanza kubwa ikizikuta hivo sidhani kama zitabaki.

Mabati yangu 22 yako ukumbini kwa mama mkubwa yameegemezwa ukutani, ameyafunika na shuka lake la maua, misumari ipo kwenye kopo, fundi yupo, anasema ni kazi ya siku tatu. Njooni muone wenyewe kabla hamjajibu. Njooni siku yoyote, isipokuwa Ijumaa mchana watu wako msikitini, mkifika ulizeni banda la lori mtoto yeyote atawaleta. Ngazi ipo.